Umezaliwa Mombasa, Kwenu Siaya, Unaishi Dar: Fomu Inataka Ipi?

Kitambulisho cha Kenya kilichotumika miaka mingi kabla ya kadi ya Maisha kina mahali pawili. Upande wa mbele, pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, pameandikwa wilaya ya kuzaliwa. Ukikigeuza unakuta wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na hapo panapotajwa mara nyingi ni nyumbani kwa wazazi. Mtu aliyezaliwa Pumwani, Nairobi, na wazazi waliotoka Siaya, mbele ana Nairobi, nyuma ana Siaya, na karani hakukosea popote. Shida huanza pale mwenye kadi anapotaka pawe mahali pamoja tu.

Ubishi wa kwamba kuwa mtu wa mahali fulani ni jambo la kuzaliwa nalo au la kujichagulia hauishi, kwa sababu wabishani huwa hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anafikiria cheti, mwingine anafikiria kaburi la babu yake, wa tatu mtaa alipokulia. Ushauri wa kwanza, unaookoa nauli na muda, ni huu: kabla hujajibu, jua anayekuuliza anataka kulifanyia nini jibu lako. Afisa uhamiaji, mtu wa kodi, mzee wa ukoo na mwalimu wa mwanao wote watakuuliza unatoka wapi, na kila mmoja anatafuta chake.

Mahali pa kuzaliwa: hapa huna hiari

Ni pale mama alipojifungulia. Si pale wazazi walipokuwa wakiishi, wala si kijiji cha ukoo. Mama wa Bagamoyo akipewa rufaa, akajifungulia Muhimbili, mtoto amezaliwa Ilala, Dar es Salaam, hata kama alirudi Bagamoyo akiwa na siku tatu na hajatoka tena.

Hili linaonekana jepesi, lakini ndipo makaratasi mengi yanapoharibikia. Tanzania Bara, hospitali hutoa tangazo la kizazi, kisha mzazi anapaswa kusajili ndani ya siku 90. Kenya muda wa kawaida ni miezi sita, na baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa. Wengi husajiliwa wakiwa watu wazima, wiki ambayo pasipoti inahitajika. Mtu anajaza Moshi kwa sababu nyumbani huwa wanasema “sisi ni wa Moshi”. Kadi ya kliniki inasema Temeke. Cheti cha ubatizo kinasema Arusha, kwa kuwa ndiko alikobatizwa na katibu wa parokia aliandika alichosikia. Cheti cha shule nacho kina lake. Afisa anazipanga karatasi zote mezani, na kazi yake hapo ni moja: kutafuta zinapogombana. Mapenzi yako kwa Kilimanjaro hayamhusu.

Namna ya kunyoosha mambo ni hii. Kusanya kila karatasi yenye jina lako na mahali. Tafuta iliyoandikwa karibu zaidi na siku ya kuzaliwa, ambayo kwa kawaida huwa ni tangazo la kizazi au kadi ya kliniki, na uifanye hiyo kuwa msingi. Nyingine zote zirekebishwe ziifuate hiyo. Wengi hufanya kinyume, wanachukua cheti cha shule kwa sababu ndicho kipya na safi, kisha wanabadilisha vilivyotangulia. Hapo unakuwa umejitengenezea swali ambalo halikuwapo. Kama hakuna karatasi yoyote ya awali, hati ya kiapo itoke kwa mzazi au ndugu mkubwa aliyekuwapo, itaje tarehe, kijiji au mtaa, kata, na ieleze yeye anajuaje. Kiapo kinachosema tu “alizaliwa mkoani Kilimanjaro” hakimsaidii mtu.

Halafu kuna jambo la mipaka kuhama huku watu wamekaa palepale. Aliyezaliwa Mpanda mwaka 1985 alizaliwa mkoa wa Rukwa. Leo Mpanda iko Katavi, mkoa ulioanzishwa 2012 pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Songwe ulifuata 2016. Kenya nayo ilitoka kwenye wilaya ikaingia kwenye kaunti. Usikimbilie kubadilisha cheti cha zamani ili kilingane na ramani mpya. Acha cheti kama kilivyo, na katika fomu mpya taja kijiji na kata pamoja na wilaya, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha kwamba Mpanda ya Rukwa na Mpanda ya Katavi ni moja. Mfumo ukikulazimisha kuchagua mkoa kwenye orodha, chagua ule ambao kijiji kimo leo. Wazee wa Kongo wana mkasa mkubwa zaidi: aliyezaliwa Élisabethville na aliyezaliwa Lubumbashi wamezaliwa mji mmoja, jina lilibadilishwa 1966.

Kwa mwenye mtoto mchanga kazi ni rahisi sana. Tanzania Bara, usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano hufanyika bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata mikoa ambayo mpango huo umefika. Nenda sasa, na uandike mahali halisi.

Uraia: hapa sheria ndiyo inayochagua

Watu hudhani uraia unafuata mahali pa kuzaliwa. Katika nchi zetu unafuata wazazi zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa kama siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Kabla ya hapo mama Mkenya aliyejifungulia ng'ambo hakuweza kumpa mwanawe uraia. Ilikuwa ni baba tu. Katiba mpya iliwakumbuka na waliozaliwa kabla yake, kwa hiyo kama mama yako alikuwa Mkenya na uliambiwa zamani kwamba huna haki, omba upya.

Tanzania ina njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia na kupewa. Aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania ni raia wa kurithi. Hapa kuna mtego ambao familia za Muscat, London na Toronto hugundua wakiwa wamechelewa. Raia wa kurithi, akizaa naye nje ya nchi, hawezi kumrithisha mwanawe. Bibi alizaliwa Tanga, mama akazaliwa Muscat, mtoto akazaliwa London: mtoto huyo si Mtanzania kisheria, hata kama nyumbani kwao kunaliwa boko boko na kuzungumzwa Kiswahili tu. Aliye katika hali hiyo na anajali jambo hilo apange pa kujifungulia mapema, maana baada ya hapo inabaki tajnisi.

Mtego wa pili ni umri wa miaka 18. Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Marekani anakuwa na vyote viwili hadi utu uzima, kisha anatakiwa kuchagua, na asipoukana ule mwingine anaupoteza wa Tanzania. Mtu mzima anayeapa uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza pia. Kosa linalorudiwa sana ni kuendelea kutumia au kuhuisha pasipoti ya Tanzania baada ya kiapo cha huko, kwa hoja ya kwamba “mimi bado ni Mtanzania”. Kwa hisia, sawa. Mpakani ni kosa la jinai. Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, inayozungumzwa sana miaka hii, nayo isikuchanganye: si uraia na haikupi kura.

Kenya uraia pacha unaruhusiwa tangu 2010, na aliyeupoteza zamani kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuuomba tena. Sheria ya 2011 lakini inamtaka mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi mitatu, na adhabu ya kunyamaza inaweza kufika shilingi milioni tano, kifungo cha miaka mitatu, au vyote. Wengi hawalijui hili hata kidogo. Anayeota ubunge au uwaziri asome pia ibara ya 78 ya Katiba, inayohusu uraia wa viongozi.

Jirani zetu wameweka hata tarehe. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua raia wa kuzaliwa kwa mzazi au babu aliyekuwa wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa kwa majina. Kongo, sheria ya 2004 inaangalia makabila yaliyokuwa na watu na ardhi ndani ya nchi ile ilipopata uhuru, 1960. Ukisoma sheria hizi mbili unaona kwamba hata kile kinachoitwa asili ni mstari ambao watu walikaa kikao wakauchora. Ukishachorwa lakini, ni ukweli kama ukuta.

Je, mtu anaweza kujichagulia nchi? Anaweza, na Tanzania ina ushahidi mkubwa. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa kama wanataka kurudi au kubaki. Wengi walichagua kubaki, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Maombi yalikubaliwa 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa 2014. Miaka ile minne katikati walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi na bado hawajashika karatasi ya Tanzania. Chaguo lao lilikuwa wazi. Lilichokosa ni muhuri.

Kisa cha Wazigua wa Somalia kina fundisho lake. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pwani yetu, wakafikishwa bonde la Juba. Walibaki na Kizigua chao. Vita vya 1991 vilipowatawanya, baadhi walikwenda Tanga, wakakaribishwa na watu wanaoelewana nao kwa lugha, wakawekwa Chogo, Handeni. Tanzania ikawapa uraia, huku Wazigua wengine wa Somalia wakipelekwa Marekani. Kwa ukoo na kwa lugha walikuwa wamerudi kwao. Karatasi waliyopewa, hata hivyo, ilikuwa ya tajnisi, sawa na mgeni yeyote.

Anayeomba tajnisi Tanzania ahesabu hivi: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Anatakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza cha kutosha na awe na tabia njema. Kinachoangusha maombi ni ushahidi wa ukaazi: vibali vya zamani vilivyotupwa, pasipoti iliyoisha ikachomwa. Usitupe pasipoti yenye mihuri, hata ikiwa imeliwa na mchwa nusu.

Makazi ni hesabu ya siku

Hapa pafupi. Mtu wa kodi hataki kujua asili yako. Kenya na Tanzania zote mbili hukuhesabu mkaazi ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukafika hata siku chache mwaka huo. Au ukikaa siku 183 katika mwaka. Au ukiwa umekuwapo mwaka huo na miwili iliyoutangulia kwa wastani unaozidi siku 122. Anayefanya kazi nchi mbili aweke daftari la tarehe za kuingia na kutoka. Zanzibar, upande wa kura, sheria imekuwa ikitaka mtu awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo, na aliyehama Mkoani, Pemba, kwenda Mjini Magharibi hukuta jina halipo kwa sababu hiyo tu. Tena uelewe kwamba Mzanzibari ni Mtanzania mwenye hadhi iliyowekewa sheria yake ya 1985. Kuzaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, peke yake hakukupi hadhi hiyo.

Kwenu: hapa ndipo hiari ilipo, na ndipo inapogharimu

Hakuna ofisi inayotoa cheti cha kwenu. Anayekipa uzito ni jirani, ukoo, na wale watakaobeba jeneza.

Pwani imezoea kuwa na majina ya mahali mawili kwa pamoja. Mombasa ya kale ina Taifa Kumi na Mbili, makundi ya Waswahili wa mji: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao wengi wana majina ya kule walikotoka, Wapate, Wafaza, Washaka, Wamtwapa, Wakilifi, Wajomvu na wenzao. Mpate wa Mombasa anaweza kuwa hajakanyaga kisiwa cha Pate, wala baba yake, na hakuna anayemshangaa. Ni wa Mombasa kwa sababu ni Mpate wa Mombasa. Oman hali ni hiyohiyo upande wa pili: waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje ni Waomani kwa sheria na kwa ukoo, na bado huitwa Wazanzibari kwa sababu ya Kiswahili chao.

Watu hubadilisha jibu pia pale jibu linapokuwa na faida. Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya walioandikwa Waswahili ilishuka mno, na Washirazi wakaongezeka. Hawakufa wala hawakuhama. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa daraja, nao wakachagua daraja. Ndiyo maana tusiikimbilie methali ya mwacha asili ni mtumwa kila mtu anapotaja mahali papya. Mara nyingi aliyeitaja asili naye babu yake aliichagua. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967. Kenya inauliza, ingawa mwaka 2009 anayetaka aliweza kujibu “Mkenya” tu akaandikwa hivyo.

Lakini kuchagua peke yako hakutoshi, na kesi inayofundisha hili kuliko zote ni ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi Desemba 1986. Alikuwa na nyumba Langata na shamba Upper Matasia, karibu na Ngong. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Matasia, akasema mumewe aliishi maisha ya kisasa na mila alishaziacha. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa chumba cha maiti miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliwapa ukoo: Mjaluo aliyezaliwa na kulelewa hivyo haachi mila kwa kuhamia mjini. Ilitazamwa pia kama alikuwa na boma nje ya Siaya. Kwa Wajaluo boma hufunguliwa kwa taratibu, mzee wa ukoo akiwapo, mtoto wa kiume wa kwanza na shoka, jogoo, moto. Langata hakuna aliyekwenda na jogoo. Kwa hiyo, hata awe ameishi pale miaka mingapi, ile ilikuwa nyumba tu.

Uamuzi ule ulilaumiwa sana, na sisi pia tunaona ulimnyima mjane haki. Hata hivyo ukitaka kupanga mambo yako, panga ukijua umewahi kutolewa. Kwa anayetaka mahali alipojichagulia pawe kwao mpaka mwisho:

Waambie ukoo ukiwa mzima, mbele ya watu, tena zaidi ya mara moja. Kumwambia mke au mume chumbani hakuna shahidi. Mlete mzee wa upande wako pale ulipojenga, ale, alale, aone. Kama kwenu kuna taratibu za kufungua boma, zifanye, au mtamkie waziwazi kwamba hutazifanya na kwa nini. Kuzika mtu wa kwanza wa familia mahali hapo huwa ndiko kunakomaliza ubishi, ingawa si jambo la kupangwa. Andika matakwa ya maziko ndani ya wosia na utoe sababu. Kenya wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na wasiwe wale wanaorithi. Jua lakini kwamba mahakama za Kenya huyachukulia matakwa ya maziko kama mwongozo. Yanaweza kushindwa na mila. Ndiyo maana karatasi bila mazungumzo haifiki mbali. Waislamu wa pwani ubishi huu huwapata kwa nadra, kwa kuwa maiti huzikwa mapema, na kwa kawaida palepale alipofia.

Kwa wale wanaotaka kukubaliwa na majirani mahali pageni, hati ya kiwanja husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachosaidia ni misiba. Nenda hata kwa usiyemjua vizuri, kaa mkekani, toa mchango wa kawaida, usitoe mkubwa wa kuonekana. Jiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, umjue balozi wa nyumba kumi kama bado yupo. Lahaja utaichukua taratibu. Usiiigize, watu wa Lamu wanamjua anayeigiza tangu salamu ya kwanza.

Na watoto waliozaliwa ng'ambo wasilazimishwe kutoa jibu moja. Mtoto wa Minneapolis aliyefundishwa aseme “mimi ni wa Kigoma” ataulizwa Kigoma ipi, naye hana la kuongeza. Mpe vitu vya kushika: majina ya babu na bibi wanne, kijiji na kata ya kila mmoja, wamezikwa wapi, nani sasa anaishi kwenye shamba. Andikeni mkiwa na simu ya bibi mkononi, maana tahajia ya jina la kijiji ikikosewa mara moja inarithiwa. Piga picha vyeti vyao vya kuzaliwa, kadi za zamani za chama, stakabadhi za kodi ya kichwa, chochote chenye jina, tarehe na mahali. Uhamiaji wakitilia shaka uraia wa mtu mzima mara nyingi hupanda hadi kwa wazazi na babu, na sanduku hilo la bibi ndilo la kwanza kutupwa nyumba inapouzwa.